Shangazi Hapigwi Picha

Ukitoka Mweya, kwenye rasi ile iliyoingia kati ya Ziwa Edward na Mfereji wa Kazinga, ukashika barabara kuu kuelekea kaskazini, utafika Kikorongo, karibu na pale ikweta inapokatiza lami na watalii wanaposhuka kupigwa picha, mguu mmoja huku na mwingine kule. Hapo njia zinagawanyika. Anayenyoosha anapita Muhokya na kuingia mji wa Kasese. Anayekata kushoto anapita Kisinga, anafika Bwera, na mwishowe Mpondwe, mpakani na Kongo. Njia zote mbili zimejaa vibao. Kuna vya shule, vya zahanati, vya makanisa ya kila dhehebu, na katikati yake vibao vyenye maneno ya matumaini, upendo na yatima.

Mgeni anayevisoma kutoka dirishani mwa gari anaweza kudhani kwamba ukoo umekufa chini ya Rwenzori, na kwamba kulea watoto wengi katika jengo moja ni desturi ya huku tangu zamani. Ukweli ni kinyume chake. Makao ya watoto ni jambo jipya hapa, na ukilifuata kinyumenyume karibu kila mara utaishia kwenye mlango wa kanisa. Nalo kanisa lililipokea kutoka mbali: kutoka pwani, miaka mia moja na sitini hivi iliyopita.

Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alipofika Unguja, Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Shule iliyoanza na hao watano ndiyo iliyokuja kuitwa Kiungani. Wasichana walijengewa Mbweni. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Unguja tayari, walivuka hadi Bagamoyo mwaka 1868 wakafungua kituo kwa watoto waliokombolewa kwa fedha sokoni. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS nao wakaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mtoto aliyetekwa kando ya Ziwa Nyasa akiwa na miaka minne hakuweza kutaja kijiji chake, na hata angeweza, nani angempeleka? Kwa mtoto wa namna hiyo bweni lilikuwa rehema tupu. Cecil Majaliwa, mmoja wa watoto hao wa Kiungani, alipewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni yake.

Ila pamoja na rehema lilikuja jambo jingine, ambalo wanahistoria wa misheni huligusa kwa haraka na kuendelea mbele. Ufaransa kulikuwa na Chama cha Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa mwaka 1843, ambacho kiliwazoesha watoto wa Ulaya kutoa senti kila mwezi kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Fedha hizo ziliwakomboa na kuwalisha watoto wa Afrika Mashariki. Misheni za Waingereza nazo zilikuwa na wafadhili waliochagua mtoto wa kumlipia. Kwa hiyo mkuu wa misheni alipoandika ripoti ilimpasa ahesabu watoto, na kadiri watoto walivyokuwa wengi, ndivyo ripoti ilivyosomeka vizuri zaidi. Utaratibu huu haujabadilika sana. Senti zimekuwa kadi ya benki, na mchoro wa mtoto aliyefungwa minyororo umekuwa picha ya rangi kwenye simu.

Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, walifika Buganda mwaka 1879 na mfumo huohuo mkononi. Walikomboa watoto, wakawakusanya Rubaga, wakawafundisha. Mwishoni mwa mwaka 1882 walipoona Kabaka Mutesa hawaelekei tena, waliondoka kwa mitumbwi kwenda kusini mwa ziwa, na watoto wao wakaenda nao. Mtoto wa misheni alikuwa wa misheni. Alihama pale misheni ilipohama.

Uganda hata hivyo ilipata chanzo cha pili cha makao ya watoto, nacho kilikuwa cha unyenyekevu zaidi: maziwa. Mwaka 1903 mtawa wa Kiayalandi, Mama Kevina, aliwasili kilima cha Nsambya, Kampala, na wenzake, na kazi yao ikawa kuzalisha, kutibu na kufundisha. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Little Sisters of St Francis, ambalo hadi leo linalea watoto wachanga Nsambya. Kwenye kilima cha pili, upande wa Waanglikana, mkunga Mwingereza Winfred Walker alifungua Sanyu Babies' Home mwaka 1929, hospitali ya Mengo ikiwa jirani. Wodi za uzazi zilikuwa na tatizo ambalo daktari hakuwa na dawa yake. Mama amekufa usiku, kitoto kiko hai asubuhi, na ndugu waliomleta kwa machela kutoka mbali hawana cha kukinywesha njiani. Maziwa ya kopo hayakuwako vijijini, na ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji machafu yaliua kwa kuhara. Basi mtoto aliachwa kwa masista hadi aanze kula chakula cha kawaida, kisha bibi au shangazi akaja kumchukua.

Naomba msomaji aishike hiyo picha ya Mengo na Nsambya, maana ndani yake mna kitu kilichopotea baadaye: kulikuwa na tarehe ya kurudi. Makao yalikuwa kivuko cha kumvusha mtoto miezi ya maziwa.

Sasa turudi milimani. Wakonzo, ambao makazi yao yanapanda kutoka uwanda wa Kasese na Bwera hadi karibu na msitu wa Rwenzori, hawakuwa na nafasi ya mtoto asiye na mwenyewe. Majina yao peke yake yanasema hivyo. Mtoto wa Kikonzo hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: kwa wavulana Mumbere, kisha Baluku, kisha Bwambale, kisha Masereka, kwa wasichana Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, na kuendelea. Afisa ustawi wa jamii anayeletewa mvulana wa miaka mitano aitwaye Masereka ana pa kuanzia kazi kabla hajauliza swali, kwa sababu jina limeshamwambia kwamba kuna wavulana watatu waliotangulia, hai au marehemu, na kwamba kuna mtu mzima kwenye kilima fulani anayewajua wote. Baba akifa, watoto walibaki kwenye ardhi ya ukoo. Mama akifa, bibi alijaribu hata kumpa titi mjukuu. Si kwamba yatima hawakuteseka. Waliteseka, mtoto wa kaka marehemu ndiye aliyetumwa maji kwanza na kulipiwa ada mwisho. Lakini aliteseka akijua kaburi la babake liko wapi na shamba linaishia wapi, na hilo la shamba si dogo katika wilaya ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake iko ndani ya hifadhi.

Ndiyo maana kanisa lilipopata nguvu huku halikuanza na makao ya watoto. Lilianza na shule na hospitali. Hospitali ya Kagando, Kisinga, ilifunguliwa mwaka 1965 na wamisionari wa Africa Inland Mission, na sasa iko chini ya Dayosisi ya South Rwenzori ya Kanisa la Uganda. Kilembe, juu ya mji wa Kasese, kampuni ilichimba shaba tangu mwaka 1956, mwaka ambao reli nayo ilifika, na kampuni ilikuwa na hospitali yake na nyumba za wafanyakazi. Huku juu milimani, Isaya Mukirane na wafuasi wake walikuwa wametangaza kujitenga kwa Rwenzururu yao mwaka 1962, na kwa miaka ishirini, hadi maafikiano na serikali ya 1982, taasisi yoyote iliyotoka bondeni ilitazamwa kwa jicho la pembeni. Nani angemteremsha mtoto wa ndugu yake akalelewe na watu asiowaamini?

Halafu mambo yakaja kwa kufuatana, bila kupumzika. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuacha wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi wakiwa na watoto lakini bila mishahara, na wengi bila shamba hapa. Ukimwi ukaingia, ukapita mijini, kwenye vituo vya malori na kwenye vijiji vya wavuvi, Katwe, Hamukungu, Kayanja, Kahendero, Katunguru. Novemba 13, 1996, waasi wa ADF walivuka Mpondwe wakitokea Kongo, na vita ikakaa milimani kwa miaka kadhaa. Watu waliteremka na magodoro vichwani, wakalala kwenye shule na makanisa. Mei 1, 2013, Mto Nyamwamba ulifumuka Kilembe na kufagia nyumba hadi mjini, na mwaka 2020 ukarudia, ukaiharibu hospitali. Katikati ya mafuriko hayo mawili kulikuwa na Novemba 26 na 27, 2016, pale mapigano kati ya askari wa serikali na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu, yaliyofikia kilele kwa uvamizi wa ikulu ya Kasese, yaliacha maiti zaidi ya mia moja. Kila tukio liliacha watoto, na kila tukio lilileta magari meupe yenye nembo.

Katika miaka hiyo kulikuwa na njia mbili za kuwasaidia watoto hao, na ni vizuri kuzitaja kwa majina kwa sababu moja imesahaulika. Dayosisi ya South Rwenzori iliundwa mwaka 1984 na askofu wake wa kwanza alikuwa Zebedee Masereka, mtoto wa nne wa kiume, kama jina linavyosema. Yeye na mkewe walipata shida ambayo kila nyumba ya askofu Afrika inaijua: yatima walikuja mlangoni, na walio nyuma yao wakasikia kwamba mlango unafunguliwa. Kilichotokana na hapo ni shirika linaloitwa Bishop Masereka Christian Foundation, lenye ofisi na kituo cha afya mjini Kasese, ambalo uzito wa kazi yake umekuwa ada za shule, matibabu na msaada kwa watoto walioko kwa walezi wao. Kanisa Katoliki, lililopata jimbo lake la Kasese mwaka 1989, lilikuwa na makatekista hadi vigango vya juu kabisa, na makatekista hao walijua ni nyumba ipi imekuwa na msiba na nani amebeba watoto wa nani. Hiyo ndiyo njia ya kwanza: fedha zinakwenda alipo mtoto.

Njia ya pili ni mtoto kwenda zilipo fedha.

Nieleze jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mchungaji mwenye kanisa dogo anapata rafiki ng'ambo. Rafiki anataka kusaidia yatima, na nia yake ni njema kabisa. Anauliza, wako wangapi? Mchungaji anawajua arobaini katika usharika wake, wote wakiwa wanaishi kwa shangazi, bibi na wajomba. Rafiki anasema tutajenga makao. Ukuta unapanda, vitanda vya ghorofa vinaletwa, mpishi anaajiriwa, mlinzi anawekwa getini. Sasa jengo linadai watoto. Shangazi anaambiwa kwamba kule kuna chakula mara tatu, chandarua, sare na shule ya Kiingereza. Anao wanne wake na watatu wa marehemu. Akimtoa mmoja hajamtupa; amefanya kile ambacho mzazi tajiri wa Kampala anafanya anapompeleka mwanawe shule ya bweni. Tofauti ni kwamba mtoto wa tajiri ana likizo.

Mara mtoto akishakuwa na kitanda chake, anakuwa na mfadhili wake, na siku akirudi nyumbani mfadhili anakoma. Hapo hakuna mwizi hata mmoja, na bado kila mtu ana sababu ya kutomrudisha. Mpishi ana kazi yake. Mchungaji ana jengo la kutunza. Mfadhili ana picha kwenye jokofu. Shangazi ana mdomo mmoja pungufu. Na kwa sababu shangazi hapigwi picha, maana hakuna kampeni duniani inayoonyesha mwanamke wa miaka hamsini akimenya mihogo huku watoto saba wakimzunguka na kuandika chini kwamba huyu ndiye taasisi kubwa kuliko zote ya ustawi wa jamii Uganda, yeye hapati kitu.

Takwimu za nchi zinaonyesha mwendo huo waziwazi. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati serikali ikisaidiwa na Save the Children kupanga upya sekta hii, ulikuta watoto wasiofika 3,000 katika makao ya Uganda nzima, na wengi wao walikuwa na ndugu wanaojulikana. Hiyo ni Uganda iliyotoka kwenye vita na iliyokuwa katikati ya Ukimwi. Miongo miwili baadaye, nchi ikiwa na amani sehemu kubwa na dawa za kurefusha maisha zikipatikana bure, makadirio yanayotajwa rasmi yalifika watoto wapatao 50,000, katika makao mamia kwa mamia ambayo mengi hayakuwa na leseni. Kama yatima ndio wanaozaa makao, hesabu ingekwenda upande mwingine.

Kasese ina ushahidi mmoja wa ajabu wa jinsi mfano huu ulivyoshika mizizi. Mwaka 2011 Bwambale Robert alianzisha mjini humo shule ya watu wasiofuata dini, Kasese Humanist Primary School, akitaka watoto wasome bila kuhubiriwa. Miaka michache baadaye marafiki zake wa California walitaka kusaidia zaidi, na Muhokya pakafunguliwa makao ya yatima yaliyotangazwa duniani kuwa ya kwanza ya wasioamini Mungu. Simlaumu, watoto wa Muhokya wanahitaji shule kama wengine. Ila inanichekesha kidogo kwamba walioachana na kila kitu cha kanisa, sala, sadaka, jumapili, walibaki na bweni lake.

Wakati mwingine mambo yalivuka mpaka wa nia njema. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyopitishwa mwaka 1996, ilimtaka mgeni alee mtoto nchini kwa miaka mitatu kabla ya kumwasili. Mawakili wakagundua mlango wa nyuma: omba mahakama ikupe ulezi wa kisheria, ondoka na mtoto, kamilisha kuasili Marekani. Mamia ya watoto waliondoka hivyo, wengi wakitolewa kwenye makao, hadi Bunge lilipoibadili sheria mwaka 2016 na kuufanya ulezi huo kuwa wa raia tu. Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wake, ikieleza kwamba familia za vijijini ziliahidiwa elimu kwa watoto wao na kumbe watoto wakaandaliwa kuasiliwa. Wazazi hao hawakujua kwamba wanatia saini mwisho wa uzazi wao. Walidhani ni shule.

Jirani zetu wanalo kovu la aina hiyo lenye umri mkubwa zaidi. Save, kusini mwa Rwanda, masista wa White Sisters waliendesha nyumba ya watoto waliozaliwa na mama Waafrika na baba Wazungu, watoto waliochukuliwa kwa mama zao kwa amri ya serikali ya Ubelgiji. Uhuru ulipokaribia, wengi walisafirishwa Ubelgiji, ndugu wakatenganishwa, majina yakabadilishwa. Aprili 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi bungeni, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano waliolelewa hivyohivyo kwenye misheni ya Katende, Kongo, kwamba waliyotendewa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kati ya vitu vilivyodaiwa kwa nguvu na wazee hao ni nyaraka. Wanataka kuona daftari: nani alinileta, siku gani, mama yangu aliitwa nani.

Daftari hilo ndilo ningeanza nalo kama ningekuwa mkaguzi wa makao leo. Lile kubwa la jalada gumu, lenye mistari ya rula iliyochorwa kwa peni nyekundu. Safu ya kwanza jina, ya pili umri, mara nyingi wa kukadiria. Halafu kijiji, aliyemleta, sababu. Kwenye safu ya sababu ndipo historia nzima inapojificha. "Mama amefariki" ni sababu, lakini baba je? "Umaskini" ni sababu inayoweza kuandikwa kwa nusu ya wilaya. "Ameletwa na mchungaji" si sababu kabisa. Safu ya mwisho, tarehe ya kuondoka, ndiyo inayotofautisha kivuko na ghala. Kisheria kila mtoto anayekaa anapaswa kuwa na amri ya mahakama ya familia na watoto, amri hiyo haizidi miaka mitatu, na kila mwaka inatakiwa kutazamwa upya. Katika makao yanayofuata utaratibu, mafaili yana karatasi hizo, pamoja na jina na namba ya simu ya ndugu anayetembelewa. Pasipofuatwa, kuna picha ya mtoto ya siku aliyofika, barua ya mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC) yenye mhuri, basi.

Na mpaka unalifanya hilo liwe gumu zaidi kuliko wanavyodhani walioko Kampala. Bwera na Kasindi, ya upande wa Kongo, ni soko pamoja, ndoa pamoja, misiba pamoja. Kiswahili unachokisikia Mpondwe siku ya soko kimevuka daraja asubuhi hiyohiyo. Juni 2019 mvulana wa miaka mitano aliyetoka Kongo, ambako familia yake ilikuwa imemuuguza na kumzika babu, aliletwa Kagando akitapika damu. Akahamishiwa Bwera. Tarehe 11 ilithibitishwa kuwa ni Ebola, na hakuishi. Bibi yake na mdogo wake nao walifariki ndani ya siku chache. Magazeti yaliandika habari za virusi, kama ilivyopaswa. Mimi nilichokiona katika habari ile ni jinsi familia hii ilivyosafiri: bibi, mama, watoto, wote pamoja, kwenda kuuguza na kuzika. Huo ndio ukoo ambao vibao vya barabarani vinatuambia haupo. Upande wa pili, Beni na Butembo, mama walipolazwa kwa Ebola hospitali hazikuwajengea watoto wao makao ya kudumu. UNICEF ilifungua vyumba vya kulelea kando ya vituo vya matibabu, na walezi wakawa watu waliopona ugonjwa huo, kwa kuwa wao wangeweza kumshika mtoto bila kumwogopa. Mtoto alingoja pale hadi mama apone, au hadi ndugu apatikane.

Ni wazo lilelile la Mengo ya mwaka 1929.

Isidhaniwe kwamba ninataka milango yote ifungwe. Wako watoto waliookotwa stendi ya mabasi wakiwa na siku mbili, bila jina la Kikonzo wala la kabila lolote la kuwaongoza. Wako wenye ulemavu ambao ukoo umewaficha. Wako wasichana waliotendwa vibaya na mjomba yuleyule ambaye sisi waandishi tunamsifu kwa kulea. Shangazi si malaika kwa kuwa tu ni shangazi. Juni 16, 2023 waasi wa ADF walipoivamia usiku shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na kuua watu wasiopungua 42, wengi wao wanafunzi, kuna ndugu wadogo wa waliouawa waliohitaji mahali pa kulala palipo mbali na mpaka, mara moja, bila kujaza fomu. Nyumba ndogo, yenye watu waliofunzwa, yenye tarehe ya kurudi kwenye daftari, inahitajika Kasese na itahitajika. Jambo la kujadili ni vitanda vingapi na kwa muda gani.

Rwanda ililijadili na kuamua. Mwaka 2012 ilikuwa na watoto zaidi ya 3,000 katika makao, ikapanga kuwarudisha katika familia zao au za walezi, na makao mengi yakafungwa au kugeuzwa kazi. Kenya ilitoa mkakati wake wa miaka kumi mwaka 2022. Uganda ina mwongozo wa matunzo mbadala tangu 2012, na kwenye karatasi hauna kasoro: familia kwanza, ukoo pili, kisha walezi wa kambo na kuasili ndani ya nchi, makao mwisho. Kwenye lami ya Kikorongo hadi Bwera mpangilio huo umesimama kichwa chini, kwa kuwa kinachoanza ni fedha, na fedha zinaanzia mwisho.

Kanisa ndilo lenye uwezo wa kuugeuza, kuliko serikali. Nasema hivyo si kwa ucha Mungu. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya ana mafaili ya watoto waliodhulumiwa, wanaotakiwa kupelekwa mahabusu ya watoto Fort Portal, wanaogombaniwa na wazazi, na mara nyingi hana mafuta ya pikipiki ya kupanda Kyarumba au Kyondo kumtembelea bibi mmoja. Kanisa tayari liko juu huko. Lina katekista, lina Umoja wa Akina Mama, lina mzee anayejua mpaka wa kila shamba. Lina mashamba yake, zahanati zake na shule ambazo mwalimu mkuu anaweza kuamua leo kwamba mtoto wa marehemu hafukuzwi kwa ada. Halihitaji kujenga kitu.

Kuna hata fedha zisizotoka kwa mfadhili. Sheria inaitaka mamlaka ya wanyamapori irudishe asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa jamii zinazoizunguka. Kila gari linalolipa kuingia Mweya kuona viboko na simba linaacha kitu kwa vijiji hivi, na vikao vya mitaa vimezoea kukitumia kwa madarasa na mitaro ya kuzuia tembo. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini orodha hiyo haiwezi kuwa na mstari wa mbuzi wawili na ada ya muhula kwa mlezi anayekaa na watoto wa marehemu, jina lake likisomwa kikaoni kama linavyosomwa la mkandarasi. Wajumbe wa vikao hivyo ni wazee wa kanisa walewale wanaoketi mstari wa mbele Jumapili. Bajeti ya mwaka ujao bado haijapitishwa.